Suti ya kiume

Suti ya kiume ni vazi rasmi linaloundwa na koti na suruali vilivyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Pengine huongezwa kizibao cha kitambaa hichohicho, na hapo huitwa suti ya vipande vitatu. Kwa kawaida huvaliwa pamoja na shati lenye kola, tai na viatu vya ngozi. Koti la kitambaa tofauti na suruali si suti, hata kama rangi zinakaribiana.

Katika Afrika Mashariki suti huvaliwa zaidi harusini, ibadani, mazishini, ofisini, bungeni, mahakamani na kwenye usaili wa kazi. Watu wengi wana suti moja tu, nayo hutumika kwa shughuli hizo zote kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo kosa katika kuichagua au kuishona lina gharama kubwa: kitambaa kikishakatwa kidogo hakirefuki, na siku ya harusi haisogezwi mbele kwa ajili ya koti.

Suti husemwa "imekaa" pale inapofuata umbo la mwili bila kuubana na bila kupwaya. Makala hii inaeleza asili ya vazi hili, historia yake katika Afrika Mashariki, na namna ya kutambua kama suti imekaa vizuri, kwa mifano kutoka Bomang'ombe, Moshi na miteremko ya Kilimanjaro nchini Tanzania.

Historia

Asili ya suti ni Ulaya. Mwezi Oktoba 1666 mfalme Charles II wa Uingereza alianza kuvaa kizibao kirefu chini ya koti, akawataka watu wa ikulu yake wafanye hivyo. Mtindo huo wa koti, kizibao na vazi la miguuni ndio chanzo cha suti ya vipande vitatu, ingawa wakati huo wanaume wa tabaka la juu walivaa suruali fupi za kuishia magotini na soksi ndefu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Beau Brummell (1778–1840) alisaidia kueneza mavazi yasiyo na mapambo mengi: koti la rangi nzito, suruali ndefu, shati safi jeupe na kitambaa shingoni. Tangu wakati huo uzuri wa vazi la mwanamume ulianza kupimwa kwa mkato wake na namna linavyokaa mwilini kuliko kwa dhahabu, lasi na hariri.

Koti fupi la suti ya leo lilitokea katikati ya karne ya 19 kama vazi la mapumziko na matembezi ya shamba. Makoti rasmi ya siku hizo yalikuwa marefu hadi magotini. Polepole koti fupi lilihamia mjini, na katika karne ya 20 likawa vazi la kawaida la ofisi. Cherehani, ambayo Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846 na Isaac Singer akaiboresha mwaka 1851 huko Marekani, iliwezesha suti kushonwa kwa wingi viwandani na kuuzwa zikiwa tayari kwa saizi maalumu. Tangu hapo kuna aina mbili za suti: ile ya kupimwa kwa fundi na ile ya dukani.

Suti katika Afrika Mashariki

Suti ilifika Afrika Mashariki pamoja na wamisionari, watawala wa kikoloni na wafanyabiashara. Pwani na Zanzibar haikuondoa vazi lililokuwepo, bali ilichanganyika nalo: wanaume wengi huvaa koti juu ya kanzu, pamoja na kofia. Nchini Uganda pia kanzu na koti la suti ni vazi rasmi la Wabaganda. Katika mavazi hayo koti hupimwa kwa kanuni zilezile za mabega na mikono, ila urefu wake huonekana zaidi kwa kuwa kanzu huendelea chini hadi miguuni.

Baada ya uhuru viongozi kadhaa waliona suti na tai kuwa alama ya ukoloni. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia (aliyetawala 1964–1991) alivaa mara nyingi suti nyepesi isiyohitaji tai, yenye mikono mifupi na mifuko ya kubandika. Hadi leo mtindo huo huitwa suti ya Kaunda. Nchini Tanzania Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa suti yenye kola iliyofungwa shingoni, inayofanana na ile ya viongozi wa China. Wako waliompa vazi hilo jina la Chou En-lai, waziri mkuu wa China aliyeitembelea Tanzania mwezi Juni 1965. Huko Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mobutu Sese Seko alipiga vita suti na tai katika miaka ya 1970, akahimiza vazi lililoitwa abakosi, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini". Tai iliruhusiwa tena mwaka 1990.

Ukubwa wa nguo nao uliwahi kuwa jambo la siasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Pamoja na sketi fupi na nywele za bandia, ilipiga marufuku suruali za kubana za wanaume. Miaka michache baadaye vijana wa mjini waligeukia suruali pana kuanzia magotini kwenda chini, maarufu kama bugaluu. Katika karne ya 21 suruali za kubana zimerudi kwa jina la modo.

Mjadala kuhusu vazi rasmi haujaisha. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alipiga marufuku suti za Kaunda na baadhi ya mavazi ya asili ndani ya bunge, ingawa rais wa nchi hiyo, William Ruto, alikuwa akionekana mara kwa mara na suti ya aina hiyo. Kwa upande wa Tanzania, kanuni za bunge hukubali suti ya kimagharibi na pia suti ya aina ya safari.

Suti katika mkoa wa Kilimanjaro

Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki walikuwa wamefungua misheni ya Kilema mwaka 1890. Shule na makanisa yao yalieneza mavazi ya kizungu miongoni mwa Wachagga. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikarahisisha kuingiza vitambaa na cherehani. Fedha za kahawa, hasa baada ya kuundwa kwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ziliwawezesha wakulima wengi kununua nguo za dukani na kushonesha nguo za ibada.

Leo suti ni vazi la kawaida katika kipaimara, harusi, ibada za Krismasi na mazishi. Mwezi Desemba, Wachagga wanaoishi Dar es Salaam na miji mingine hurudi nyumbani, na sherehe nyingi hupangwa kipindi hicho. Mafundi cherehani huelemewa na kazi, kwa sababu nguo za sikukuu na harusi hugongana na sare za shule zinazotakiwa Januari. Anayepeleka kitambaa wiki ya mwisho kabla ya harusi mara nyingi hukosa nafasi ya kujaribisha suti kabla haijamalizwa.

Bomang'ombe ni makao makuu ya wilaya ya Hai, kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Sanya Juu. Mji uko tambarare na una joto, lakini mwendo mfupi kupanda kuelekea Machame huleta baridi, hasa mwezi Juni na Julai. Bwana harusi anaweza kufunga ndoa asubuhi kanisani mlimani kwenye ukungu, kisha akakaa ukumbini bondeni mchana kwenye jua. Jambo hili lina maana katika kuchagua kitambaa, kama inavyoelezwa hapa chini.

Mitindo ya koti

Koti la safu moja ya vifungo ndilo la kawaida zaidi. Huwa na vifungo viwili au vitatu, mara chache kimoja. Koti la safu mbili hupishana kifuani na huvaliwa likiwa limefungwa. Likiachwa wazi kitambaa cha mbele huning'inia. Humfaa zaidi mtu mwembamba au mrefu, lakini likishonwa vizuri humfaa pia mwenye mwili mpana.

Ukosi wa kifuani, yaani sehemu ya koti inayokunjwa kuelekea nje, huwa na pengo dogo pale unapokutana na kola, au huwa na ncha inayoelekea juu begani. Koti la safu mbili huwa na ukosi wenye ncha. Ukosi wa duara usio na pengo hutumika zaidi kwa makoti ya sherehe za usiku. Upana wake hubadilika na mitindo: ulikuwa mpana miaka ya 1970 na mwembamba sana mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ukosi unaofika takribani nusu ya umbali kati ya shingo na mwisho wa bega hauchakai haraka kimtindo, na tai inayolingana nao kwa upana huonekana imetulia.

Nyuma koti huwa na mpasuo mmoja katikati, miwili pembeni, au halina kabisa. Mipasuo miwili humwezesha mtu kukaa na kuingiza mkono mfukoni bila koti kujikunja.

Namna ya kutathmini suti

Suti hutathminiwa mvaaji akiwa amesimama wima, mikono ikining'inia, amevaa shati na viatu atakavyovitumia, na kifungo cha koti kikiwa kimefungwa. Asijivute tumbo ndani wala kuinua mabega. Baada ya hapo anatakiwa kukaa, kutembea na kunyoosha mkono mbele, kwa sababu suti nzuri ya kusimama tu haitoshi kwa ibada ya saa tatu.

Mabega

Mabega huangaliwa kwanza kwa kuwa ndiyo magumu zaidi kurekebisha. Mshono wa bega unatakiwa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita na kushuka mkononi, koti ni kubwa: huonekana bonde chini ya bega na mvaaji anafanana na mtu aliyeazima. Ukiishia kabla ya mfupa, mkono wa koti huvimba juu na kitambaa huvutwa shingoni. Njia rahisi ya kupima ni kusimama kando ya ukuta na kuusogelea kwa bega. Kama pedi ya koti inagusa ukuta na kukunjika kabla mkono wenyewe haujagusa, bega ni pana mno.

Watu wengi wana bega moja lililoshuka kidogo kuliko jingine. Fundi mzuri hulitambua hili wakati wa kupima na kuongeza pedi kidogo upande ulioshuka.

Kola

Kola ya koti inatakiwa kulala juu ya kola ya shati bila kuacha nafasi nyuma ya shingo. Pengo hapo huonyesha kuwa mgongo wa koti ni mfupi, au mabega hayakufuata mwinamo wa mvaaji. Kwa upande mwingine, mkunjo wa kulala chini tu ya kola humaanisha kitambaa kimezidi mahali hapo. Kola ya shati huonekana juu ya ile ya koti kwa takribani sentimita 1 hadi 1.5.

Kifua na kiuno

Koti likifungwa kifungo chake kikuu, kiganja kilichonyooshwa kinatakiwa kupita kati ya koti na shati kwa urahisi. Ngumi ikipita bila kugusa popote, koti linapwaya. Mikunjo inayotoka kwenye kifungo kama herufi X ni dalili ya kubana. Mkunjo hafifu unaotokea mtu anapopumua si kosa, lakini X inayobaki mvaaji akiwa ametulia ni kosa. Ukosi nao unatakiwa kulala kifuani. Ukiinuka kama bawa, kifua cha koti ni kidogo.

Mgongo na mipasuo

Mtu hawezi kuona mgongo wake, kwa hiyo anahitaji kioo cha pili, picha ya simu au rafiki mkweli. Mistari ya kulala kati ya mabega huonyesha koti linabana; mistari ya kusimama yenye kitambaa kingi huonyesha limezidi. Mipasuo inatakiwa kubaki imefungwa mvaaji anaposimama. Ikifunguka, nyonga au makalio hayakupewa nafasi ya kutosha.

Mikono

Mkono wa koti huishia kwenye kiwiko cha kiganja, pale mfupa wa kifundo unapoonekana, ili sentimita 1 hadi 1.5 za shati zionekane. Kosa lililozoeleka ni mkono mrefu unaofika kwenye vidole. Jambo jingine ni mzunguko wa mkono. Mtu anayesimama mikono ikielekea mbele kidogo akivaa koti ambalo mikono yake imeshonwa kuelekea nyuma, mikunjo ya mshazari huonekana kuanzia begani hadi kiwikoni.

Tundu la kwapa likiwa juu, karibu na kwapa lenyewe, mvaaji huweza kuinua mkono bila koti zima kupanda. Tundu likiwa chini sana, koti huinuka lote anaponyoosha mkono kupokea mkate wa meza ya Bwana au kumpungia mtu. Watu wengi hudhani kwapa pana huleta uhuru, kumbe ni kinyume chake.

Urefu wa koti

Koti la kawaida hufunika makalio, na ukingo wake hufika karibu na nusu ya umbali kutoka chini ya kola hadi sakafuni. Koti fupi sana hurefusha miguu machoni lakini huacha makalio wazi na kupitwa na wakati upesi. Koti refu humfanya mtu mfupi aonekane mfupi zaidi.

Suruali

Suruali ya suti hukaa kiunoni bila kuhitaji mkanda. Mkanda ukiivuta hadi ikafanya mikunjo, kiuno ni kikubwa. Mifuko ya pembeni ikibaki wazi kama masikio, nyonga inabanwa. Marinda, yaani mikunjo iliyoshonwa chini ya kiuno, huongeza nafasi ya kukaa na huwafaa wenye mapaja makubwa, nayo yanatakiwa kubaki yamefungwa mtu anaposimama.

Nyuma, mistari ya mlalo chini ya makalio ni dalili ya kubana, na kitambaa kinacholegea hapo kinaonyesha suruali ni kubwa au sehemu ya kitako imekatwa ndefu. Chini, pindo la suruali linatakiwa kugusa kiatu na kufanya mkunjo mmoja mdogo, au kukigusa tu bila mkunjo ikiwa suruali ni nyembamba. Kitambaa kinachorundikana juu ya kiatu ndilo kosa rahisi zaidi kurekebisha, na ndilo linaloonekana kwa wengi.

Kizibao

Kizibao kinatakiwa kufunika kiuno cha suruali. Shati likionekana kati ya kizibao na suruali, ama kizibao ni kifupi ama suruali imevaliwa chini mno.

Marekebisho yanayowezekana

Kabla ya kununua suti ni muhimu kujua nini kinaweza kurekebishwa na fundi wa kawaida na nini hakiwezi.

Yaliyo rahisi:
- kufupisha suruali, au kuirefusha ikiwa kuna kitambaa kilichoachwa ndani ya pindo;
- kupunguza kiuno cha suruali, au kukiachia kwa kiasi cha kitambaa kilichobaki kwenye mshono wa nyuma;
- kupunguza upana wa miguu ya suruali;
- kupunguza kiuno cha koti kwa mishono ya pembeni na ya mgongoni;
- kufupisha mkono wa koti, kama vifungo vya mkononi havina matundu yaliyokatwa kweli.

Yaliyo magumu au ya gharama kubwa:
- kupunguza au kupanua mabega;
- kupandisha tundu la kwapa;
- kufupisha koti kwa zaidi ya sentimita chache, kwa kuwa mifuko hubaki chini na uwiano huharibika;
- kupanua kifua.

Kwa hiyo kanuni ya jumla ni kuchagua koti kwa mabega na kifua, kisha kurekebisha sehemu nyingine. Anayechagua kwa kiuno au kwa bei mara nyingi hulipa mara mbili.

Njia za kupata suti

Kushonesha

Mteja wa fundi cherehani hununua kitambaa mwenyewe au huchagua kilichopo kwa fundi. Kabla ya kukata, kitambaa cha sufi au pamba kinatakiwa kupigwa pasi kwa mvuke ili kijikunje mapema. Vipimo vya koti ni shingo, upana wa mabega, kifua, tumbo, nyonga, urefu wa mkono na urefu wa koti. Vya suruali ni kiuno, nyonga, paja, goti, mguu wa chini, kitako, na urefu wa nje na wa ndani.

Hatua muhimu kuliko zote ni kujaribisha koti likiwa limeshikizwa kwa uzi mrefu tu, kabla ya bitana kuwekwa na mishono kumalizwa. Hapo ndipo bega na kola hurekebishwa bila hasara. Mteja aliye mbali akituma vipimo kwa simu hukosa hatua hiyo. Njia salama kwake ni kutuma koti lake la zamani linalomkaa, fundi apime kutoka kwenye koti hilo. Inafaa pia kumwomba fundi aache sentimita 2 hadi 3 za ziada ndani ya mishono ya kiuno na pindo, kwa sababu miili hubadilika.

Ubora wa kazi huonekana ndani na kwenye maungio. Kitambaa chenye mistari au mirabaraba kinatakiwa kukutana sawasawa kwenye mifuko na mgongoni. Matundu ya vifungo yasiwe na nyuzi zinazotoka. Kifua cha koti bora kina kitambaa kigumu cha kati kilichoshonwa. Katika koti la bei nafuu kitambaa hicho hubandikwa kwa gundi ya joto. Gundi mbaya ikiachia baada ya kufuliwa, kifua hufanya malengelenge yasiyotoka kwa pasi. Ujuzi wa ushonaji hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA, lakini mafundi wengi hujifunza kwa kukaa na fundi mwenye uzoefu.

Mtumba

Suti za mtumba huuzwa katika masoko kama Memorial mjini Moshi na Karume jijini Dar es Salaam. Nyingi ni za sufi nzuri na zimeshonwa kwa uangalifu, lakini zilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Kusoma saizi kunasaidia. Namba ya Uingereza na Marekani ni mzunguko wa kifua kwa inchi, na hufuatwa na herufi ya urefu: S ni fupi, R ni kawaida, L ni ndefu. Namba ya bara la Ulaya kwa kawaida ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita. Hivyo saizi 40 ya Uingereza inakaribia 50 ya Ulaya, yaani kifua cha takribani sentimita 100.

Mnunuzi hukagua kwapa, kola, ndani ya mapaja na kitako dhidi ya mwanga ili kuona kitambaa kilichochakaa au kuliwa na nondo. Pia huhakikisha koti na suruali ni vya suti moja kwa kulinganisha kitambaa na bitana juani, kwani marobota huchanganya.

Mtumba umekuwa suala la sera pia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo za mitumba ili kulinda viwanda vya ndani. Marekani ilipinga kwa kutishia nafuu za biashara chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoendelea ikaondolewa nafuu ya nguo mwaka 2018. Kwa fundi wa mjini mdogo mtumba ni mshindani na pia chanzo cha kazi, maana suti nyingi zinazotoka kwenye robota huishia mezani kwake kupunguzwa.

Dukani na kukodi

Suti mpya za dukani mara nyingi ni za poliesta au mchanganyiko wake. Koti na suruali huuzwa kwa pamoja, na kiuno cha suruali kwa kawaida huwa pungufu ya kifua kwa inchi 6, jambo linalowasumbua wenye tumbo na pia wanamichezo. Suti za kukodi hupunguza gharama kwa harusi, lakini mwenye suti haruhusu zikatwe. Hushikizwa kwa uzi na pini tu.

Kitambaa na hali ya hewa

Sufi hupitisha hewa, hunyonya jasho na kurudi katika umbo lake baada ya kutundikwa. Sufi nyepesi ya takribani gramu 220 hadi 260 kwa mita inafaa kwa joto la tambarare la Bomang'ombe na Moshi na bado huvumilika mlimani, ambako kizibao huongeza joto. Kitani na pamba ni baridi zaidi lakini hujikunja upesi. Poliesta haijikunji na ni nafuu, ila hushika joto na kung'aa kwa pasi. Namba kama 100 au 120 zinazoandikwa kwenye pindo la sufi huonyesha wembamba wa nyuzi; namba kubwa ni laini zaidi lakini si lazima idumu zaidi.

Kitambaa kisicho na maelezo huweza kutambuliwa kwa kuchoma uzi mmoja kwa uangalifu. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Pamba hunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kwa mwenye suti moja, bluu nzito na kijivu cha mkaa hufaa harusini, kazini na msibani. Nyeusi hufaa msibani na usiku. Rangi zinazong'aa hukumbukwa na kila mtu, jambo linalofanya suti ionekane imerudiwa.

Kanuni za kuvaa

Katika koti la vifungo viwili hufungwa cha juu tu. Katika la vitatu hufungwa cha kati, pengine pamoja na cha juu. Kifungo cha chini huachwa, kwa sababu koti limekatwa hivyo, na kukifunga huvuta nyonga. Anapokaa, mvaaji hufungua koti la safu moja. Ncha ya tai hufika kwenye mkanda. Mkanda na viatu huwa vya rangi moja au zinazokaribiana.

Lebo iliyoshonwa juu ya mkono wa koti jipya, pamoja na nyuzi za herufi X zinazofunga mipasuo na mifuko, huwekwa kulinda koti wakati wa usafirishaji. Hutolewa kabla ya kuvaa. Si alama ya ubora, ingawa wako wanaoziacha wakidhani hivyo.

Utunzaji

Suti ya sufi hupigwa brashi na kutundikwa kwenye hanga pana baada ya kuvaliwa, ipate hewa kabla ya kurudishwa kabatini. Haifuliwi kwa maji ya moto wala kukamuliwa. Pasi, hasa ya mkaa, haigusi kitambaa moja kwa moja: huwekwa kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati ili kuzuia kung'aa na kuungua. Koti na suruali husafishwa pamoja hata kama kimoja tu kimechafuka, la sivyo rangi hutofautiana na suti huacha kuwa suti.